Herufi Saba, Irabu Tano

Jumamosi tarehe 14 Juni 2025, katika mashindano ya ndani ya Klabu ya Herufi ya Buzuruga, jijini Mwanza, Modesta Chenge alipanga mezani neno la herufi saba, ETAERIO, na mwandishi wa alama akamwandikia sifuri.

Neno hilo limo katika orodha ya maneno ya Kiingereza inayotumiwa na wachezaji wa mchezo huu duniani kote. Mpinzani wake hakulibishia. Sifuri ilitokana na kanuni mpya ya klabu, iliyopitishwa mwanzoni mwa mwezi huohuo: mchezaji akiulizwa maana ya neno lake, aieleze, la sivyo alama za neno hilo zinafutwa. Modesta aliulizwa.

"Sijui," alisema.

"Hata kwa kukisia, Mama Precious?" mwandishi wa alama alimbembeleza. Precious ni binti wa pekee wa Modesta, anayefanya kazi Dodoma.

"Nikisie nini? Neno limo, halimo?"

"Limo."

"Basi andika."

Mwandishi akamtazama mwenyekiti. Mwenyekiti akatikisa kichwa. Modesta alizirudisha herufi zake saba kwenye kibao chake, akaumaliza mchezo, akashindwa, akampa mpinzani wake mkono. Alipofika mlangoni aligeuka.

"Kanuni hiyo mimi siifuati," alisema. "Wiki hii siifuati, wiki ijayo siifuati. Mkitaka niandikieni sifuri mpaka wino uishe."

Mchezo wenyewe ni rahisi kuueleza. Kila mchezaji huvuta vipande saba vya herufi kutoka mfukoni bila kuangalia, kisha hupanga neno la Kiingereza kwenye ubao wenye miraba. Kila herufi ina thamani yake. Anayefanikiwa kutumia zote saba kwa mkupuo hupata nyongeza ya alama hamsini, na nyongeza hiyo ndiyo huamua michezo mingi. Kwa hiyo mtu anayejua maneno ya herufi saba, hasa yale yanayomeza irabu nyingi ambazo wengine huzichukia, ana silaha. Modesta alikuwa nayo. Kwa miaka miwili mfululizo alikuwa mmoja wa wachezaji wanne wanaoiwakilisha klabu katika mashindano ya Kampala kila Agosti. Timu ya mwaka huu ilikuwa ichaguliwe tarehe 28 Juni. Kanuni ikibaki na yeye akibaki alivyo, kiti chake kilikuwa kimekwisha kwenda.

Ana miaka hamsini na miwili. Ananunua dagaa kwa jumla, anawachambua na kuwafunga kwenye viroba katika ghala lake la Igogo, na kuwapeleka Kongo na Zambia. Ni mnene, ana sauti, na hapendi kukatizwa. Nyumba anayoishi ni yake, na mbili za jirani pia ni zake. Kiingereza chake kinaishia kwenye salamu na namba.

Wanaotafuta jeraha la shuleni katika maisha yake hawalipati. Alimaliza darasa la saba Misungwi, akachaguliwa kwenda sekondari, akakataa. Ng'ombe wa baba yake walimpendeza zaidi. "Andika hivyohivyo," anasema. "Sikufeli, sikufukuzwa, sikupata mimba. Nilikataa."

Mchezo aliuanza mwaka 2019, wakati wa masika. Mvua zilikuwa zimegoma kukatika, dagaa hawakauki, ghala limelala. Mpangaji wake, Nathaniel, kijana wa Geita aliyekuwa akisoma chuo Nyegezi, alikuwa akicheza peke yake barazani, mkono wa kulia ukishindana na wa kushoto. Modesta alisimama akatazama kwa muda mrefu.

"Huu mchezo nifundishe."

"Mama, huu unahitaji Kiingereza."

"Kinahitajika wapi? Mimi naona herufi."

Nathaniel, ambaye siku hizi ni mhasibu lakini bado ni mpangaji wake, anasimulia kwamba alimpa orodha ya maneno ya herufi mbili ili amkatishe tamaa. Baada ya wiki aliyajua yote. Akataka ya herufi tatu. Kisha akaja na njia yake mwenyewe. Alikataa kuyasoma kwa mpangilio wa kamusi. Aliyataka kwa mafungu, kama dagaa wanavyopangwa sokoni. Fungu la herufi tano lenye Q lisilo na U. Fungu la herufi nne lenye Z mbili. Fungu la herufi saba lenye irabu tano. Kila fungu lina ukubwa wake na alama yake ya kulitambulia, na kilichomo ndani huhesabiwa, hakielezwi.

Anajifunza akiwa kazini. Wanawake wanaomfanyia kazi hukaa kuzunguka lundo la dagaa wakitoa mawe na makombe, na mmoja wao, Dorcas, hushika karatasi.

"Herufi tano, ina Q, haina U!" Dorcas huita.

"QANAT. NIQAB. TALAQ. FAQIR. TRANQ."

"Nne, Z mbili!"

"JAZZ. BUZZ. FIZZ. FUZZ. RAZZ."

"Bosi, hilo la mwisho linanuka tusi."

"Basi mtukane nalo mumeo, hatajua."

"Atajua tu. Nikifungua mdomo yule hujua ni tusi."

Lundo linapungua, mafungu yanaongezeka. Dorcas, ambaye alianza kwa kuita tu, siku hizi hujibu kabla ya bosi wake akitaka kumuudhi.

Mwenyekiti wa klabu anaitwa Venant Muganyizi. Ni mwalimu wa Kiingereza wa sekondari, ana miaka thelathini na minane, mzaliwa wa Kamachumu mkoani Kagera. Si mtu wa hila. Ukumbi ambao klabu inautumia Buzuruga ni wa kuazima, na uliazimwa kwa ahadi kwamba vijana watakaokuja watajifunza Kiingereza. Mwezi Mei mzazi mmoja alisimama mbele ya wanachama akauliza kwa nini mwanawe anajua maneno ishirini yenye Z lakini hawezi kuandika barua ya kuomba kazi. Swali lilimkera Venant kwa sababu aliliona ni la haki. Kanuni ya maana ilizaliwa hapo. Yeye mwenyewe huifuata kwa ukali kuliko mtu yeyote. ETAERIO ni jina la kitaalamu la tunda linaloundwa na vitunda vingi vilivyotoka katika ua moja. Venant anasema wazi kwamba siku ile hata yeye hakulijua. "Ndiyo maana mimi nisingeliweka," anasema.

Siku mbili baada ya sifuri ile alikwenda Igogo kuzungumza naye.

"Shikamoo, Mama Precious."

"Marahaba, Mwalimu. Karibu. Vuta kiroba ukae, hakitakuangusha, kimejaa."

Venant alikaa. Suruali yake ilikuwa nyeusi, na wanawake waliokuwa wakichambua walitazamana wakicheka, kwa kuwa magamba ya dagaa huipenda suruali nyeusi kuliko kitu chochote.

"Mama, nimekuja kwa heri. Tunakuhitaji Kampala."

"Najua."

"Basi tusaidiane. Mtu anayebeba gunia asijue lina nini, huyo si mfanyabiashara. Ni mchukuzi."

"Na wewe chai umekunywa asubuhi?"

"Nimekunywa."

"Mchuma majani unamjua? Sukari imetoka shamba gani?"

"Hayo ni mengine, mama."

"Ni hayohayo. Umekunywa, imeshuka. Mimi nimeweka neno, limo. Huko Kampala kuna mtu anauliza maana?"

"Hakuna," Venant alikiri. "Lakini hapa tuna watoto wanaotutazama."

"Watoto wafundishe. Si wanafunzi wako? Mimi si mwanafunzi wako. Ninyi akina nshomile mkishasoma mnaona kila anayekaa mbele yenu amekaa kwenye dawati."

Nshomile ni jina la utani wanaloitwa Wahaya, kwa sifa yao ya kupenda shule na kupenda kusema kwamba wamesoma. Venant alicheka, kwa sababu utani haukasirikiwi. Kisha akasema kanuni itabaki. Modesta akasema na yeye atabaki. Dorcas alimfungia mwalimu dagaa wa kitoweo, naye mwalimu akaondoka nao.

Jioni Nathaniel alijaribu njia ya mkato. Alimwambia Modesta kwamba maana zenyewe si mzigo kwa kichwa kama chake. Angemwandikia sentensi moja moja kwa yale maneno anayopenda kuyatumia, na kabla ya tarehe 28 angekuwa ameyameza.

"Najua naweza," Modesta alimjibu.

"Sasa tatizo nini, mama?"

"Tatizo ni kwamba nimeamriwa. Leo maana. Nikitoa maana, kesho wataniambia sitamki vizuri. Keshokutwa nieleze kwa Kiingereza, si kwa Kiswahili. Kila mlango ukifunguka nyuma yake kuna mwalimu. Mimi nilishaukataa mlango huo nikiwa na miaka kumi na minne, nikaenda kuchunga. Nirudi leo nikiwa na mvi?"

"Utakosa Kampala."

"Nitakosa kiti chao. Kampala ni mji, hawakuujenga wao."

Nathaniel anasema alijua hapo kwamba Modesta tayari alikuwa na mpango.

Wasukuma wana namna yao ya kumaliza ubishi wa ngoma. Kuna vyama viwili vya tangu zamani, Bagika na Bagalu, na baada ya mavuno, katika msimu unaoanza Juni, vikundi vya pande hizo mbili hukutana kushindana. Havichezi kwa zamu. Vinacheza kwa wakati mmoja, katika uwanja mmoja, kila kimoja upande wake, na hakuna jaji mwenye kalamu. Watu huja, husikiliza huku, husikiliza kule, kisha miguu yao huamua. Kikundi kinachobaki na uwanja mtupu kimeshindwa. Babu yake Modesta alikuwa Mgika, na Modesta aliyaona mashindano hayo akiwa mgongoni.

Jumamosi tarehe 28 Juni, mchana, gari lake la kubebea viroba lilisimama kwenye uwanja ulio mbele ya ukumbi wa Buzuruga. Alishuka na meza, ubao wa mchezo, mfuko wa herufi, Dorcas na wenzake watano wa ghalani. Nathaniel alishuka wa mwisho, na orodha ya maneno kwenye simu. Ndani, wachezaji wa klabu walikuwa wakijiandaa kwa mchujo. Watu wapatao hamsini walikuwa wamekuja kutazama.

Venant alitoka. Aliona mwanamke mtu mzima anapanga meza juani, na akafanya kile ambacho kijana aliyelelewa vizuri angefanya. Aliagiza viti vinane vitolewe ukumbini.

"Karibu, mama," alisema kwa sauti ili kila mtu asikie kwamba hana kinyongo. "Cheza tu. Uwanja ni mpana, unatutosha wote."

Wazee wawili waliokuwa wakisubiri gari la kwenda Magu kwenye stendi ya jirani walisikia. Mmoja alimpiga mwenzake bega.

"Kapokea ngoma huyu!"

"Kapokea na viti katoa!"

Wanawake wa ghalani wakapiga vigelegele. Venant aliwapungia mkono, akidhani wanamshukuru, akarudi ndani kuanzisha mchujo. Hakuna aliyemweleza kwamba mwenye uwanja akishamkaribisha mpinzani mbele ya watu, mashindano yameanza.

Mchezo wa herufi ni mchezo wa kimya. Ndani ya ukumbi ulichezwa hivyo, kwa dakika za saa na kwa kunong'ona. Nje, Modesta aliuchezesha kama kazi ya ghalani. Mtu yeyote aliruhusiwa kuja kuvuta herufi saba mfukoni na kuziita, yeye akatafuta neno, Nathaniel akahakikisha kwenye orodha. Hapo mwanzo walikuwa wale wazee wawili tu na muuza karanga. Kisha akaja mpiga debe mmoja wa stendi, kijana mwenye sauti iliyokauka, akavuta herufi na kuziita kwa mtindo anaoujua yeye, nyingine akizirudia kama majina ya vituo.

"A! A! A tupu hii! D, D, D na moja! E, I, panda twende! L! R! T ya mwisho, T ya mwisho, mlango unafungwa!"

"TRAILED," Modesta alisema.

"Limo!" Nathaniel akaita.

"DILATER."

"Limo!"

"REDTAIL."

"Limo!"

Kelele ziliamka. Mpiga debe alikataa kuondoka, akajiteua mwita herufi rasmi. Abiria walisogea na mizigo yao. Mama lishe aliacha sufuria kwa binti yake. Kuna wakati Modesta alitaja neno na Nathaniel akaita, "Halimo!" Watu wakamzomea Nathaniel.

"Msimzomee," Modesta aliwaambia. "Nimekosa mimi. Vuta mengine."

Mtu mmoja alipaza sauti kutoka nyuma: "Mama, hayo maneno maana yake nini?"

"Unayo kamusi?"

"Sina."

"Basi tuko sawa. Ukiipata kasome, uje unifundishe. Vuta!"

Waliokuwa ukumbini walianza kuja dirishani. Halafu mlangoni. Kabla mchujo haujafika katikati, viti vya watazamaji vilikuwa vitupu. Mzazi yule aliyeuliza swali la mwezi Mei alikuwa nje, na mwanawe alikuwa mbele kabisa, akijibizana na Dorcas fungu la Z. Ndani walibaki wachezaji, mwandishi wa alama, na Venant, aliyeusimamia mchujo hadi mchezo wa mwisho bila kufupisha chochote.

Alipotoka, mmoja wa wale wazee, ambaye gari lake la Magu lilikuwa limekwisha kwenda bila yeye, alimpa mkono kwa heshima zote.

"Pole, Mwalimu. Umeshindwa."

"Nimeshindwa nini, mzee wangu? Mimi sikushindana."

"Ulimpa viti."

"Nilimpa kwa adabu."

"Ndivyo hivyohivyo ngoma inavyopokelewa."

Venant alimtazama Modesta, akatazama umati, na wale waliokuwa karibu wanasema hapo ndipo alipoelewa. Hakukasirika. Hakulegea pia.

"Wingi wa watu si hoja," alisema.

"Kwetu ndiyo hoja yenyewe," Modesta alijibu.

"Kanuni ya klabu inabaki."

"Ibaki. Mimi nimekuja kuiondoa? Nimekuja kucheza."

Venant akasoma majina manne ya timu. Jina la Modesta Chenge halikuwemo.

"Nilidhani utanishangaza, nshomile," Modesta alimwambia, na watu wakacheka, na Venant naye akacheka kidogo. Kisha Modesta akapanda juu ya ngazi ya ukumbi na kutangaza kwamba kuanzia siku hiyo Igogo ina klabu yake, inakaa ghalani, na itakwenda Kampala.

Kutangaza ni jambo moja. Waandaaji wa Kampala hukubali klabu zaidi ya moja kutoka mji mmoja, lakini klabu iliyotangulia ikipinga, mpya hairuhusiwi. Kwa hiyo kiti cha Modesta kilikuwa bado mikononi mwa mtu yuleyule. Jumanne iliyofuata mwandaaji alimpigia simu Venant akamuuliza kama Buzuruga ina pingamizi. Neno moja lingetosha kumaliza habari yote.

Venant alisema hana pingamizi.

Anaeleza sababu yake kwa ufupi. "Nina kanuni moja: anayecheza chini ya klabu yangu ajue anachosema. Haisemi kwamba wengine wasicheze." Anaongeza kwamba bado anaamini Modesta amekosea, kwamba mtoto anayejifunza mafungu bila maana amepewa maganda, na kwamba atalisema hilo mahali popote. Anasema pia kwamba hawezi tena kupita stendi ya Buzuruga bila kuulizwa na wazee alitoa viti vingapi.

Modesta hakumpigia kumshukuru. "Nimshukuru kwa kutonizuia?" anauliza. "Mtu akipita njiani asikusukume mtaroni, unamshukuru?" Lakini alituma kiroba cha dagaa Buzuruga, na alipoulizwa ni cha nini alijibu kwamba ni cha wapiga debe, na kama mwalimu atakuwa karibu hawatamnyima.

Klabu ya Igogo sasa ina wanachama kumi na mmoja. Saba ni wanawake wa ghalani. Mpiga debe ameandikishwa na kutakiwa aite herufi kwa sauti ya chini, sharti ambalo hadi sasa limemshinda. Mtoto wa yule mzazi anakwenda kote kuwili: asubuhi Buzuruga kwa maana, mchana Igogo kwa mafungu.

Jumatano tarehe 6 Agosti, alfajiri, Modesta Chenge na Dorcas watapanda basi Nyegezi kuelekea Kampala. Timu ya Buzuruga imekata tiketi za basi hilohilo.